Noti Tatu za Mama wa Piano

Ukipita Ngezi, mtaa wa mji wa Bunia, Jumamosi baada ya saa nane mchana, ukasikia nyuma ya ua wa matete mtu anapiga noti tatu zilezile mara mia nne, usidhani mashine imeharibika. Ni mwanafunzi wa Mama wa Piano. Na baada ya mara ya mia nne ukisikia sauti ya mwanamke ikisema, "Tena," ujue mwanafunzi huyo anaendelea vizuri. Sifa nyingine Mama wa Piano hakuwa nayo. Aliyependeza aliambiwa "Tena". Aliyekosa hakuambiwa kitu: alipewa mahindi apukuchue mpaka akili irudi.

Mimi nilipukuchua mahindi kuliko mtu yeyote katika mitaa yote ya komini ya Mbunya. Magunia sita, nikipunguza.

Alikozaliwa sitaeleza, wala ukoo wake, kwa sababu kila aliyemuuliza alirudi mikono mitupu. "Nilizaliwa fasi piano haikuwa," alikuwa anajibu, yaani mahali pasipo na piano. "Hesabu miaka kuanzia pale niliikuta." Basi na mimi nitahesabu kuanzia pale nilipomkuta yeye, mlangoni mwa shapeli yetu, kanisa dogo la mtaa, watu wakiwa wanatoka, na yeye anafunika kinanda kwa kitenge kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Nilikuwa nimetoka Kilo, kwenye mashimo ya dhahabu, miaka minane ya kupiga mawe. Nilikuwa na ndevu, na daftari la shule ya jioni kwapani, maana nilikuwa nimeamua kumaliza masomo niliyoyaacha utotoni. Nikamwambia nataka kujifunza piano. Hakucheka, na hilo tu lilinishangaza. Akasema:

"Leta mikono."

Nikanyoosha mkono nikidhani ananisalimia. Akaugeuza juu na chini kama mtu anayechagua samaki.

"Hii ni mikono ao ni mapanga?"

"Ni mikono, Mama. Ilikuwa Kilo, kwa kazi ya dhahabu."

"Na hizi kucha, nazo zilikuwa zinachimba?"

"Zilikuwa zinasaidia, Mama."

Kwa kweli kucha zangu wakati ule zingeweza kulima shamba la mihogo mpaka mwisho bila jembe. Akatoa wembe kwenye kopo la maziwa lililokaa daima juu ya kinanda, akanipa. "Kata. Ukucha unafika kwa piano mbele ya kidole. Miye sifundishi kucha." Nikakata pale pale, nimekaa kwenye ngazi ya shapeli, waumini wananipita wakinitazama kama mtu aliyehukumiwa.

Wakati ule sikujua kwa nini mwanamke mkali namna ile alinipokea upesi. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anatafuta vidole vya kuazima, kwa kuwa vyake vilikuwa vinamwacha. Lakini hilo nitalifikia.

Piano yenyewe, na naiita piano kwa heshima, ilikuwa kinanda cha meza cha kutumia umeme, chenye kibao kimoja upande wa kuume kilichokufa zamani. Ilikuwa mali yake. Jumapili ilibebwa shapeli, siku nyingine ilikaa chumbani mwake, ikinywa moto wa batri iliyokuwa chini ya kitanda, na batri ikinywa jua kutoka kipande cha panel juu ya bati. Mawingu yakikaa asubuhi nzima, somo linakufa. Ndiyo maana tulianza saa nane, jua likiwa limeshafanya kazi yake. Kila mwanafunzi alipewa nusu saa, akitoka anakwenda kufanya mazoezi nyumbani juu ya karto, yaani kipande cha boksi.

Karto ilikuwa sheria yake. Unatafuta karto, unachora vibao vyote vya piano, vyeupe na vyeusi, unaweka juu ya meza, unapiga. Sauti unaitoa kwa mdomo. Kuna nyumba nyingi Bunia ambamo mtu mzima anaonekana jioni akigonga karto huku akiimba "Do, mi, sol", na mke wake anawaambia wageni kwamba ana malaria.

Mimi karto yangu niliichora kwa bidii nyingi na akili kidogo. Kwanza, upana wa kila kibao nilipima kwa dole gumba langu mwenyewe, dole la Kilo. Pili, vibao vyeusi nilivipanga sawasawa kama meno ya kitana, kwa sababu niliona ni nadhifu zaidi. Karto ilikuwa ya sabuni, na picha ya mche wa sabuni ilikuwa imebaki pale juu, kubwa, ya bluu. Nikaweka Do chini ya ile sabuni. Wiki tatu nzima nilipiga do-mi-sol kwa kasi ya kutisha. Nilijiona nimekuwa fundi. Niliwaambia wenzangu wa shule ya jioni kwamba bado kidogo nitapiga harusi.

Siku ya nusu saa yangu ya kwanza nikakaa mbele ya piano, nikanyoosha vidole kama mtu anayekwenda kubariki mji. Nikatazama. Vibao vilikuwa vyembamba kama njiti za kiberiti, na vyeusi vimejikusanya vikundi vikundi, viwili hapa, vitatu kule, na sabuni hakuna.

"Piga do-mi-sol."

Vidole vikatangatanga juu ya vibao.

"Do iko wapi?"

"Mama, Do yangu iko chini ya sabuni."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akatoka nje. Nilidhani amekwenda kuleta mahindi, lakini nilimsikia nyuma ya nyumba anacheka, anacheka na kukohoa, mpaka jirani akauliza kama kuna msiba. Aliporudi uso ulikuwa mkavu tena. Akanionyesha vile vibao viwili vyeusi vilivyokaa pamoja: "Hawa mapacha wawili unawaona? Kibao cheupe kilicho mbele yao tu, upande wa kushoto, njo Do. Kila fasi mapacha wawili wako, Do iko mulangoni mwao. Sabuni ni ya kunawa." Kisha nikapiga akodi yangu ya kwanza, na kwa kuwa vidole vyangu vilizoea upana wa Kilo, vidole vitatu vikabonyeza vibao saba. Kelele ile ilisikika mpaka uwanja wa ndege. Kuku wa jirani hawakutaga tena mwaka ule.

Nikapewa mahindi.

Namna yake ya kufundisha ilitoka katika maisha, si katika kitabu, na kitabu cha muziki alikuwa nacho kimoja tu, kilichokaa chini ya mguu mfupi wa meza. Akodi, alisema, ni jamaa ya watu watatu. Do, mi, sol: wanakaa nyumba moja, wanaongea kwa pamoja. Mwanafunzi mpya akishajua jamaa tatu, ya Do, ya Fa na ya Sol, anafikiri lazima aruke kutoka nyumba hadi nyumba kama panzi. Mimi niliruka hivyo. Mkono uliruka, ukaanguka pembeni, ukaruka tena. Alinivumilia muda fulani, kisha akaufunga mkono wangu wa kuume kwa kipande cha kitenge kwenye ukingo wa meza, ukabaki na nafasi ya kusogea upana wa kibao kimoja tu.

"Sasa nenda kwa Fa."

"Mama, siwezi kufika."

"Hauna lazima ya kufika. Do njo mutu wa nyumba zote mbili. Umuache akae. Mi apande ngazi moja, sol apande ngazi moja."

Nikafanya. Do akabaki, mi akawa fa, sol akawa la. Na ilikuwa ni akodi ya Fa kabisa, imegeuzwa tu, na mkono wangu haukuhama. Nikamtazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta alioupita miaka yote.

"Lakini Fa mwenyewe hayuko tena chini," nikasema. "Yuko katikati. Baba wa nyumba hawezi kukaa katikati."

Hapo alikaa juu ya kitanda. Nakumbuka alivuta soksi zake, jambo alilolifanya kila alipotaka kusema kitu kizito.

"Ile miaka ya kukimbia vita," akasema, "tulitoka watu watatu. Mama yangu, miye, na binti yangu mudogo. Mama alitangulia, ye alijua njia. Miye katikati. Mutoto mugongoni mwangu. Tukafika kwa muto, mama akachoka, miye nikatangulia na mutoto, mama nyuma. Kiisha mutoto akapata nguvu, akakimbia mbele yetu siye wawili. Sasa weye uniambie: pale kwa muto, tulikuwa jamaa ingine?"

"Hapana, Mama."

"Tulikuwa wale wale. Mutu wa mbele njo alibadilika. Basi geuza akodi yako, na usinisumbue na baba wa nyumba."

Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, kila anayenijua anajua. Hapo sikuongeza hata punje.

Usifikiri lakini kwamba alikuwa mtu wa huzuni. Alikula kwa haraka kuliko askari. Sombe ya majani ya mihogo yenye samaki wa ziwani ilipotea sahanini kabla hujamaliza kunawa. Alikuwa anaamini kwamba mtu mwenye baridi mikononi ameficha uongo. Alikuwa anasema muziki wa dansi unaharibu kifundo cha mkono, na mwanafunzi akijaribu rumba hata kwa kidole kimoja anafukuzwa. Siku moja nilifika mapema. Kutoka dirishani nikasikia kitu kinateremka na kupanda, noti moja moja, laini, kama gitaa la Kinshasa lililonyweshwa asali, na mabega ya Mama wa Piano yanakwenda nalo. Nikakohoa. Mabega yakasimama.

"Hiyo ni nini, Mama?"

"Ni zaburi."

"Zaburi gani inachezesha mabega?"

"Ya mbali. Weye haujafika kule."

Na kulikuwa na hili, ambalo wanafunzi wake wote tulilijua na hatukuthubutu kumwambia: kwenye piano alimngoja kila mtu, njiani hakumngoja mtu. Alikuwa anatembea kama anayefukuza mwizi. Kutoka shapeli hadi kwake si mbali, lakini sisi tuliobeba kinanda tulifika na ndimi nje, yeye amekwisha kuvua viatu na kuanza kukoka moto. Ukimwomba apunguze mwendo alisema, "Barabara haina akodi." Lakini huyo huyo, korali ya bamama, kwaya ya shapeli yetu, ikichelewa kuingia, alikuwa na subira ya mlima.

Ile korali inahitaji kuelezwa. Ilikuwa ya wanawake wazee tu, na kati yao mkubwa kabisa tulimwita Koko, yaani bibi. Koko aliimba peke yake ubeti wa tatu wa kila wimbo. Pumzi yake ilikuwa na ratiba yake. Anaweza kusimama katikati ya neno, akavuta hewa, akarekebisha kilemba, akamtazama mtu aliyechelewa kuingia, ndipo amalize neno. Mara nyingine kusimama kule kulikuwa kwa kulia kidogo. Na piano haikunyamaza wala haikumpita. Ilimzunguka pale pale, mpaka arudi. Waumini hawakujua kitu. Walidhani wimbo umetungwa hivyo.

Juu ya kinanda kulikuwa na kitufe kimoja kilichofunikwa kwa plasta ya kidonda. Ni kitufe cha kuhamisha sauti: ukikibonyeza, unabaki kupiga kwenye Do ya kila siku, na mashine yenyewe inapandisha ao kushusha wimbo. Wapiga piano wengi wa mji wanaishi kwa kitufe hicho. Yeye alikiita kitufe cha uvivu. Sauti ya Koko ikishuka, alisema, vidole navyo vitafute njia ya kushuka, hata kama ni kupita kwa vibao vyeusi.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada, nilirudi ndani kuchukua daftari nililosahau. Nikamkuta peke yake, anairudisha plasta mahali pake, anaigandamiza kwa kifundo cha mkono, kwa sababu ncha za vidole zilikuwa hazikunjuki.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mama."

"Umeona." Akaweka mikono yote miwili juu ya kitenge. Viungo vilikuwa vimevimba kama tangawizi. "Vidole vinakataa. Asubuhi vinakataa, jioni vinakataa zaidi. Leo nilitumia kitufe. Mungu amenisamehe, lakini miye sijajisamehe."

Si mimi tu niliyeona. Prezidenti wa korali, mtu mpole, mwenye koti zuri na simu mbili, naye aliona. Hakuwa na roho mbaya, niseme wazi. Alikuja na suluhisho lake kwenye mfuko wa shati: flashi, ile ndogo ya kuchomeka kwenye redio, yenye nyimbo zote zimeshapigwa tayari na ngoma juu.

"Mama apumzike," alisema. "Amefanya kazi ya kutosha. Hii haigonjwi."

Tukaijaribu kwenye mazoezi ya Jumatano. Muziki ulitoka mzuri, mkubwa, wa mji mkuu. Bamama waliimba beti mbili wakiukimbilia kama watu wanaokimbilia gari. Ukaja ubeti wa tatu. Koko akaanza, akafika katikati ya neno, akasimama kuvuta hewa. Flashi ikaendelea. Ilimaliza mstari wake, ikapiga ngoma, ikaingia ubeti wa nne, na Koko bado amesimama, mdomo wazi, neno lake likiwa nusu. Kijana mmoja wa mitambo ya sauti akacheka. Wengine wakacheka, si kwa ubaya. Koko akafunga mdomo, akakaa, akafungua kilemba akakifunga upya, akasema kwa utulivu, "Basi, miye nimemaliza kuimba."

Nilimtazama Mama wa Piano. Sijawahi kumwona amekasirika vile, na nimewahi kumwangushia kinanda mguuni.

"Flashi iko na muziki mingi," akamwambia prezidenti, "lakini haina masikio."

"Mama, nani atapiga basi? Nionyeshe mutu."

Akanyoosha kidole kile kisichonyooka, kikaonyesha pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa, lakini watu wote walielewa.

"Huyu."

"Huyu wa sabuni?" Prezidenti aliniangalia. Habari ya sabuni ilikuwa imeshafika kila mahali. "Mama, Pasaka ni karibu."

"Pasaka atapiga. Koko atakaa fasi yake, ataimba. Akishindwa huyu, utachomeka kidude chako, na miye sitasema neno tena."

Kuanzia siku ile sikulala usingizi kamili. Akodi ziliingia kila mahali. Daftari langu la hesabu lilikuwa na milinganyo mbele na akodi nyuma, na zikakutana katikati. Mwalimu wa shule ya jioni aliniuliza pembetatu inaundwa na nini, nikasimama nikajibu, "Do, mi na sol." Darasa zima la watu wazima, madereva wa moto, yaani pikipiki, wauza samaki wa chumvi wa makayabo, polisi mmoja mwenye cheo, walicheka mpaka mwalimu akakaa chini. Hata hivyo nilipata diploma. Wanasema alama za jiometri nilipewa kwa huruma.

Kugeuza akodi nilikuwa nimeshika. Mkono wangu uliweza kutoka Do kwenda Fa kwenda Sol bila kuhama uwanja. Kilichobaki ni kile alichokiita kuita majina, na wenye vitabu wanakiita arpeji: noti zilezile tatu za akodi, lakini hupigi pamoja, unaziita moja moja, do, mi, sol, kisha unarudi, mi, do. Vidole vyangu vya Kilo vilijua kupiga pigo moja zito. Kuita mmoja mmoja kwa upole vilishindwa. Noti ya kwanza ilitoka kama nyundo, ya pili kama mnong'ono, ya tatu haikutoka.

"Ni ya nini hii, Mama?" nilimuuliza siku moja kwa hasira. "Kama zote tatu zinajulikana, juu ya nini kuziita moja moja? Ni mapambo tu."

"Nani alikuambia ni mapambo?"

Akavuta soksi. Nikaondoa mikono kwenye vibao.

"Sikiliza. Ukipiga akodi mara moja, kiisha ukangoja, watu wote wanasikia kama uko nangoja. Wanageuka, wanatazama nani amechelewa. Koko anapata haya. Lakini ukiziita moja moja, pole pole, muziki unatembea, hakuna mutu anajua kama uko nangoja. Hata Koko mwenyewe hajui. Arpeji ni namna ya kungoja mutu bila kumupatisha haya. Unaelewa sasa?"

Nikasema ninaelewa. Nikapiga. Akasikiliza na macho yamefumba, akasema, "Kucha." Nilikuwa nimesahau kukata, na yeye aliusikia ukucha mmoja, wa kidole cha mwisho, ukigusa kibao kabla ya nyama. Nikakata. Nikapiga tena. Mkono wake ukaelekea kwenye kikapu cha mahindi, nikajiandaa kupukuchua. Kumbe alikuwa anafukuza kuku.

"Tena," akasema.

Siku ya Pasaka shapeli ilijaa mpaka watu walikaa juu ya madirisha, na wengine, naapa, juu ya wenzao. Mimi nilivaa suruali ya kuazima. Prezidenti alikaa karibu na redio, flashi imeshachomekwa, dole lake limekaa tayari juu ya kitufe. Sikumlaumu. Mama wa Piano hakukaa karibu nami. Alikwenda benchi ya nyuma kabisa, kati ya wanawake wenye watoto, akaficha mikono ndani ya kitenge.

Koko alikuja. Alikuwa amekataa wiki mbili. Mama wa Piano alikuwa amekwenda kwake mara tano kwa ile miguu yake ya kufukuza mwizi, na sijui walisemezana nini.

Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ulipita, ingawa jasho langu lilikuwa limeanza kumwagilia vibao. Wa tatu, Koko akasimama. Akaimba mstari wa kwanza. Wa pili akauanza, akafika katikati ya neno, akanyamaza.

Nilikuwa kwenye akodi ya Fa, ile iliyogeuzwa, Do chini. Kwa pembe ya jicho nikaona dole la prezidenti linashuka. Na mikono yangu, ile ya mapanga, ikaanza kuita. Do. Fa. La. Fa. Pole pole, kama mwalimu anayeita majina akijua mtoto mmoja bado yuko njiani na hataki kumwandika hayupo. Do. Fa. La. Fa. Koko akarekebisha kilemba. Nikazunguka. Akapangusa jicho. Nikazunguka. Wengine wanasema nilizunguka mara sita, mimi nasema mara sitini. Dole la prezidenti likabaki hewani. Hakuna aliyegeuka kutazama. Mtoto mmoja alipiga chafya, hata ile chafya ilikaa kwenye mapigo.

Kisha Koko akavuta hewa na kumaliza neno lake, na bamama wote wakaingia nyuma yake kwa kishindo cha kung'oa bati.

Baada ya ibada prezidenti alikuja kwetu, flashi iko mkononi, uso unang'aa.

"Ile fasi ya katikati," akasema, "pale piano inapiga peke yake, imenigusa sana. Nani aliitunga?"

Nilifungua mdomo. Mama wa Piano akanitangulia.

"Koko," akasema. "Koko njo aliitunga."

Akaondoka. Tulipofika kwake na kinanda begani, alikuwa amekwisha kukoka moto.

Sasa imepita miaka kadhaa. Koko aliimba mpaka pumzi yake ya mwisho, na haikuisha katikati ya neno. Flashi inafanya kazi nzuri ya kuingiza maharusi. Mimi bado napiga kila Jumapili, na Jumamosi kuna watu wanane wanaokuja na karto zao, nazipima zote kwa rula kabla hawajagusa kitu. Wanafundishwa pale pale chumbani mwake. Yeye anakaa kitandani, vidole vimejikunja kabisa, anasikiliza, na kikapu cha mahindi kiko karibu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kutoka shapeli. Kinanda kilikuwa kimetangulia na wengine, tulibaki wawili. Magoti yake yamefuata njia ya vidole. Yule mwanamke tuliyemkimbilia na ndimi nje sasa anaweka mguu mmoja, anafikiri, anaweka wa pili. Mimi nina miguu mirefu. Hatua tatu, nikajikuta niko mbele yake.

Nikasimama kutazama mbuzi aliyefungwa kwenye ua. Mbuzi mzuri. Nikamsifu kwa sauti. Mama wa Piano akafika, tukaendelea. Hatua kadhaa, nikainama kufunga kiatu. Akafika. Mbele kidogo nikamuuliza muuza mikate kama mikate ni ya leo, ingawa ilikuwa inatoa moshi. Akafika. Nikainama kufunga kiatu kingine.

"Weye," akasema juu ya kichwa changu. "Hicho kiatu kiko na kamba?"

Nikatazama. Nilikuwa nimevaa sapato za kanisani, za kuingiza mguu tu. Hazijawahi kuwa na kamba.

"Hapana, Mama."

"Na ile mbuzi, ni mara ya kwanza unaona mbuzi?"

Nikabaki nimeinama.

"Kumbe," akasema, "uko nanipigia arpeji."

Nikasimama. Nilidhani atakasirika, maana hakuwahi kutaka kungojwa. Alinitazama. Kisha akanyoosha ule mkono wake uliojikunja, akaushika wangu, akaugeuza juu na chini kama siku ile ya kwanza, akachunguza kucha zote, moja moja, bila haraka, katikati ya barabara, moto mbili zikitupigia honi.

"Tena," akasema.

Akauweka mguu mmoja mbele, akafikiri. Na mimi nikaanza kutafuta mbuzi mwingine.